Kilo 41: kisa cha unyenyekevu katika jumuiya moja ya Masasi

Kisa hiki kilitokea kwenye jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki, ya kigango kimoja wilayani Masasi, upande wa barabara iendayo Ndanda, msimu wa korosho uliopita. Wahusika wameniruhusu nikiandike. Majina yao na jina la kijiji nimeyaacha. Mimi ni katibu wa jumuiya hiyo na nilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nalisema hili mapema kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu.

Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu. Kijiji kizima kinamwita Mwalimu, hata mke wake humwita hivyo mbele ya wageni. Amefundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini, miaka mingi akiwa mikoa ya mbali, na alipostaafu akarudi kulihudumia shamba la mikorosho aliloachiwa na mjomba wake. Heshima aliyo nayo kigangoni ameipata kwa haki. Paa la kigango lilipong'olewa na upepo, yeye ndiye aliyehangaika mpaka likaezekwa. Mgonjwa akilazwa, yeye ni wa kwanza kwenda.

Kijana wa kisa hiki ni jirani yake, ana miaka ishirini na mitatu, anaishi na mama yake. Mwalimu alimsimamia kipaimara. Kijana huyo ndiye aliyepalilia shamba lile, akaipulizia mikorosho salfa, na ilipofika Oktoba akaokota korosho yeye na mama yake kwa ujira waliopatana. Kila jioni mzigo ulipimwa kwa mzani wa kuning'iniza chini ya mwembe, na Mwalimu akaandika kwenye daftari. Hesabu ya mkupuo wa kwanza ilifika kilo 412.

Kisha Mwalimu akasafiri kwenda Mtwara mjini kwa ajili ya kliniki, akakaa siku sita. Kijana akabaki akianika na kuchambua. Mwalimu aliporudi, magunia yakapelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mzani wa AMCOS ukasoma kilo 371.

Zimepungua kilo 41.

Mke wa Mwalimu ni mzaliwa wa Newala, amekulia chini ya mikorosho. Jioni ile ile alimwambia: "Baba, korosho mbichi si korosho kavu. Zikianikwa zinapungua." Mwalimu akamjibu kwamba kupungua anakujua, lakini si kilo arobaini, na kwamba hesabu ameifundisha maisha yake yote. Mama akanyamaza. Kijana hakuulizwa chochote. Aliambiwa tu kwamba ujira wake uliobaki, shilingi 60,000, usubiri kwanza.

Jumamosi iliyofuata tukakutana kusali nyumbani kwa mjane mmoja wa jumuiya. Baada ya neno tukaingia maombi. Ombi la kwanza lilikuwa la wagonjwa. La pili, bei ya mnadani iwe nzuri. La tatu likatolewa na Mwalimu mwenyewe, kwa sauti ya upole: "Tuwaombee vijana wetu wanaoaminiwa kazi, kisha mikono yao inakuwa mirefu, na jasho la wazee wao linaishia kwa kangomba. Bwana awageuze mioyo. Ee Bwana."

Tukaitika wote: "Twakuomba utusikie."

Kijana alikuwa amekaa kwenye jamvi karibu na mlango, mama yake ubavuni. Kila mtu alijua ni nani aliyeanikia Mwalimu korosho wiki ile. Na huku kwetu neno kangomba ni zito. Ni kuuza korosho kinyemela, nje ya ushirika na mnada, na tangu serikali ilipowakazania walanguzi hao msimu wa 2018, mtu akitajwa kwa kangomba anaonekana mhalifu na msaliti wa wakulima wenzake kwa pamoja. Sala ilipokwisha, kijana na mama yake wakatoka bila kuaga. Katika siku zilizofuata watu wawili waliokuwa wamemwahidi kazi wakaivunja ahadi.

Ombi lile nimelitafakari sana. Kama Mwalimu angesimama kwenye kilabu cha kahawa akasema "fulani ni mwizi", mtu angemwuliza ushahidi uko wapi. Alipolisema kama sala, hatukuwa na pa kuuliza. Sala haijibiwi kwa swali. Hujibiwa kwa kiitikio. Sisi tulioitika tulitia sahihi kwenye shtaka bila kulisoma, na sauti yangu ilikuwamo. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza baada ya sala kumvuta Mwalimu pembeni nikamwuliza kama ameongea na kijana, kama inavyotuagiza Mathayo 18: ndugu yako akikukosa, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Ngazi ya kwanza ni watu wawili. Mwalimu aliiruka, nasi tukamsindikiza.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo. Baada ya Jumamosi mbili za kutomwona, nilikwenda kwake. Nikamkuta anafungua bomba la kupulizia, analisafisha. Akanipa shikamoo na kigoda. Nikamwambia, "Mwanangu, yule ni mzee wako, tena msimamizi wako. Jishushe tu. Nenda kamwombe radhi, mambo yaishe."

"Radhi ya nini, baba?"

"Hata kama hukukosa. Unyenyekevu ndio huo."

Aliweka bomba chini. "Kwa hiyo nikikubali kwamba nimeiba, ndio nitakuwa Mkristo mzuri?"

Sikuwa na jibu. Niliaga nikaondoka, na njia nzima nilisikia aibu, maana swali lake lilikuwa la Kikristo kuliko ushauri wangu.

Niliufanya unyenyekevu kuwa kodi ya wanyonge. Mwenye cheo amekosa, na anayetakiwa kushuka ni yule aliyekwisha kuwa chini. Nimeyasikia mashauri kama hayo kwa miaka mingi: mke aliyepigwa anaambiwa ajishushe, mkwe aliyesingiziwa anaambiwa anyenyekee, kibarua aliyedhulumiwa anaambiwa asamehe kwanza ndipo adai. Na kila mara tunataja Wafilipi 2, "kila mtu na amhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake." Tunasahau kwamba Paulo ameandika *kila mtu*. Na mfano alioutoa papo hapo ni wa aliyekuwa juu, ambaye "alijifanya kuwa hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa." Vivyo hivyo usiku wa kutawadhana miguu, katika Yohana 13. Aliyejifunga kitambaa ndiye waliyemwita Mwalimu na Bwana, na mwenyewe alisema wanamwita vema, maana ndivyo alivyo. Hakumwagiza mdogo wa mezani achukue beseni.

Tena yuko Yesu wa Yohana 18, ambaye hatumhubiri sana kwenye jumuiya zetu. Mtumishi wa kuhani mkuu anampiga kofi, naye anamjibu: kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya; bali kama nimesema vema, wanipigia nini? Harudishi kofi, wala hakubali kosa asilolitenda. Anaomba ushahidi. Kijana wetu alipouliza "radhi ya nini?" alikuwa amesimama mahali pale pale. Mnyenyekevu anakaa ndani ya ukweli, na ukweli ukiwa kwamba hukuiba, kusema umeiba ni uongo, hata ukiusema umeinamisha kichwa.

Mkupuo wa pili

Ukweli uliletwa na jua. Korosho zilizobaki shambani Mwalimu aliziokota mwenyewe na wajukuu zake. Akapima: kilo 186. Akazianika uani mwake, jioni anaziingiza stoo, anafunga, ufunguo anakaa nao mfukoni. Siku ya tatu akapima tena. Kilo 168. Hakuna mkono uliogusa, na kilo 18 hazipo.

Hesabu ni yake, akaifanya mwenyewe. Mara ya kwanza zilipungua karibu kilo kumi katika kila mia, na mara ya pili vilevile. Korosho inayookotwa chini ya mti ina maji ndani yake, na AMCOS haipokei mzigo wenye unyevu. Kinachoondoka juani ni maji. Mkulima yeyote wa Tandahimba au Newala angemweleza hivyo kwa dakika moja. Mke wake alikuwa amemweleza.

Aliniambia baadaye kwamba alikaa pale uani mpaka giza likaingia, na mama akapita mara mbili na ndoo ya maji bila kusema neno. Kunyamaza kule, alisema, kulimwumiza kuliko kama angemcheka.

Usiku ule alimtumia kijana shilingi 30,000 kwa simu, na ujumbe: "Nisamehe kama nilikukwaza. Mungu akubariki." Kabla saa haijaisha pesa ilikuwa imerudishwa.

Asubuhi Mwalimu akaja kwangu amekasirika. Alisema amejishusha kwa mtoto mdogo, na mtoto amemwonyesha kiburi.

Hapa ndipo uchambuzi wa kisa hiki unapotaka utulivu, kwa sababu Mwalimu alikuwa mkweli. Aliona kweli kwamba ameshuka. Ila ujumbe ule una neno moja linalouharibu wote, neno "kama". *Kama* nilikukwaza. Kijana amepoteza kazi mbili na jina lake, na anaulizwa iwapo labda aliumia. Tena neno "kukwaza" halisemi ni nini kilichofanyika. Mtu anaweza kukwazwa na kicheko. Huyu alisingiziwa wizi mbele ya watu.

Halafu pesa. Kijana alikuwa anadai 60,000 ya jasho lake. Alitumiwa 30,000 kama zawadi. Mdaiwa akawa amevaa nguo ya mfadhili. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema ujira wa wakulima uliozuiwa unapiga kelele, na kwamba kilio chao kimeingia masikioni mwa Bwana. Deni hulipwa kwanza, lote, bila shukrani kudaiwa. Nilimwambia Mwalimu hivyo asubuhi ile, nami nilitetemeka kidogo, maana ni mkubwa wangu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hilo la ujira sikuliona."

Jumamosi hiyo hiyo akajaribu njia ya pili. Tulipofika kwenye Nakuungamia alipiga kifua kwa nguvu mpaka wanaume wawili wakageuka: nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana. Baada ya sala akaniambia, "Nimekiri mbele ya wote. Sasa yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha. Maneno ya sala ile ni "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu," na ndugu mwenyewe hakuwepo jamvini. Wala hakuna aliyejua Mwalimu anakiri lipi. Walioamini kwamba kijana ni mwizi walitoka wakiamini hivyo hivyo, pengine wakamheshimu Mwalimu zaidi kwa unyenyekevu wake.

Mlango wa kosa

Nilimpelekea Mwalimu kitu kimoja ambacho sisi wa pande hizi tunakaa jirani nacho bila kukisoma. Wamonaki Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906, na walio katika abasia yao, yaani monasteri, mpaka leo wanaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6. Watu wakitaja unyenyekevu katika Kanuni hutaja sura ya 7, yenye ngazi kumi na mbili. Ni sura nzuri, lakini kwa kisa chetu nilifungua sura ya 46, ambayo ni fupi. Inasema ndugu akikosea katika kazi yoyote, iwe jikoni, ghalani, bustanini au kwenye ufundi wake, akavunja kitu au akakipoteza, aende mara moja mbele ya abati, mkuu wa monasteri, na jumuiya, aseme mwenyewe kosa lake. Likijulikana kwa njia ya mtu mwingine, adhabu ni kubwa zaidi. Lakini dhambi ikiwa ya siri ndani ya roho, aifunue kwa abati au wazee wa kiroho tu, wanaojua kuponya majeraha bila kuyaanika.

Mtakatifu Benedikto hatumi kila kosa hadharani. Kosa lililotendeka mbele ya jumuiya linarudi mbele ya jumuiya, na la moyoni linabaki kwa anayeweza kulitibu. Msamaha unapita mlango ule ule ambao kosa lilipitia. Kama Mwalimu angemdhania kijana vibaya moyoni tu, padre katika kitubio angetosha, na kumwendea kijana kumwambia "nilikudhania mwizi" kungekuwa kumjeruhi bure. Ila alilitoa kwa kinywa chake, kwenye jamvi, katikati ya watu kumi na saba. Ujumbe wa simu usiku haukuufikia mlango ule.

Mwalimu alielewa. Hata hivyo alikaa siku nne bila kufanya lolote. Nilipomwuliza kinachomzuia alinijibu kwa ukweli ambao sikuutegemea. "Kusema nimekosa, naweza. Ila nikisimama pale itanibidi niseme sikujua kwamba korosho zinapungua kiasi kile. Mbele ya watoto niliowafundisha wenyewe kutoa na kujumlisha."

Jibu hilo limenifundisha kuliko mahubiri mengi. Sisi wazee wa Kanisa tumezoea kusema "mimi ni mwenye dhambi." Tunalisema kila wiki, na kwa namna fulani linatuongezea heshima. Neno "sikujua" halina liturujia wala wimbo. Halimpendezeshi mtu. Na katika mahusiano ya kila siku, kati ya mume na mke, mzazi na mtoto, bosi na kibarua, nadhani hilo ndilo neno linalopima unyenyekevu kwa uhakika zaidi. Mwalimu hakuanguka kwa sababu ya chuki. Alianguka kwa sababu palikuwa na jambo moja ambalo mkewe alilijua kuliko yeye, na hakuweza kulipokea. Kwenye misiba yetu yuko mtani, anayeruhusiwa kumwambia mtu yeyote ukweli usoni wala asikasirikiwe. Nyumbani kwa Mwalimu hapakuwa na wa kumwambia mara ya pili.

Alhamisi jioni tukaenda. Hatukwenda moja kwa moja kwa kijana. Huku kwetu mtoto ana mjomba, na aibu ya mpwa inamfikia mjomba kabla haijafika kwa mtu mwingine yeyote. Kwa mjomba, kijana akiwepo, tulikaribishwa viti tukakaa kwenye viti. Mwalimu hakujitupa chini, na nilishukuru, maana siku ile haikuhitaji maonyesho. Kwanza alitoa shilingi 60,000 akazihesabu: "Huu ni ujira wako. Nilikuwa nimeuzuia." Kisha akasema, na maneno haya niliyaandika usiku ule nilipofika nyumbani:

"Nilisema kwenye sala kwamba korosho zangu umezipeleka kangomba. Hukuzipeleka. Zilikauka. Mke wangu aliniambia nikamkatiza. Wewe sikukuuliza. Nimekosa."

Hakuongeza neno. Mjomba alikaa kimya, akauliza jambo moja tu: "Utayasema haya pale ulipoyasema yale?"

"Jumamosi," Mwalimu akajibu.

Akayasema Jumamosi, kabla ya neno, kwa maneno yale yale, pamoja na "sikujua". Sauti ilikatika alipofika kwa mke wake. Kijana alikuwa amekuja na mjomba wake. Alisimama akasema, "Nimesikia, Mwalimu." Pakawa kimya. Halafu akasema, "Shikamoo." Tangu siku ya ombi la tatu alikuwa hajampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu."

Machozi yalinitoka, nami sikuyaficha.

Yaliyobaki

Kijana amerudi kwenye jumuiya, ila kazi ya Mwalimu hajairudia. Msimu huu anapulizia mashamba ya watu wengine. Wapo wanaosema basi hajasamehe kwa moyo. Siafiki. Kusamehe ni kutodai tena kisasi. Wala hakumfungi mtu arudi chini ya mzani wa yule aliyemtilia shaka. Mwalimu mwenyewe amewaambia wamwache, na huo naona ni unyenyekevu wake wa pili, wa kutolazimisha matunda ya toba yake yaonekane haraka.

Nyumbani mambo yanakwenda polepole zaidi. Kuomba radhi mbele ya jumuiya kulichukua dakika tano. Tabia ya miaka arobaini ya kumkatiza mke inarudi kila jioni na inapaswa kukataliwa kila jioni. Mama aliniambia kwamba sasa akianza kusema jambo, Mwalimu huanza kujibu, hujishika, kisha humwambia, "Endelea." Wakati mwingine hasahau, wakati mwingine anasahau. Daftari la korosho ameliacha mikononi mwa mama.

Mama wa kijana bado hajarudi. Alikaa ubavuni mwa mwanawe siku ile akatusikia sote tukiitika, na Mwalimu aliomba radhi kwa ombi lake. Kwa kiitikio chetu hakuna aliyeomba. Anasali na jumuiya ya mtaa wa pili. Nimeongea na wenzangu watatu waliokuwepo, wawili wamekubali tufuatane. Tutakwenda kwake Jumamosi hii, kabla ya sala.